Mguu wa baba uliopooza unaruka ukigongwa goti, je anapona?

"Shikamoo dokta. Tuko Ujiji, baba yangu ana miaka 61. Mwezi wa tatu alipata kiharusi, upande wa kulia wote ukapooza na maneno yanatoka kwa shida. Mwanzo mkono na mguu vilikuwa vimelegea kabisa ila saivi vimekaza. Juzi kliniki daktari alimgonga magoti na kinyundo, mguu wa kushoto ukaruka kidogo tu lakini huu uliopooza ukaruka kwa nguvu mpaka tukashtuka, tukafurahi tukajua anapona, ila daktari hakusema kitu. Tena akipiga mwayo mkono wa kulia unainuka wenyewe, ukimwambia inua hauinuki. Nikimuwekea vidole vyangu kiganjani anavishika kwa nguvu. Na akikaa kwenye kiti kuswali mguu unatetemeka haukomi, majirani wengine wanasema ni jini, wengine wanasema ni ugali wa muhogo. Sasa anapona au hapana? Tumgonge goti kila siku kama zoezi? Na kwa nini mkono unakubali mwayo unamkataa mwenyewe?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana na kuuguza. Umeangalia vitu ambavyo watu wengi wanaokaa na mgonjwa kutwa hawavioni, na umevieleza vizuri, kwa hiyo na mimi nitakujibu kwa urefu, vumilia.

Nianze na lile linalowasumbua. Goti kuruka kwa nguvu sio dalili kwamba baba anapona, ila pia sio habari mbaya ya kuwafanya mkate tamaa. Ile ni rifleksi, yaani mwitikio wa mwili unaotokea wenyewe bila mtu kuamua, na rifleksi kali upande uliopooza inatuambia tatizo liko wapi, haituambii linaelekea wapi. Mkishaelewa hapo mtaacha kutafuta jibu kwenye goti na mtaanza kuangalia vitu vinavyosema ukweli kuhusu mzee wenu.

Sasa tuingie ndani kidogo. Chini ya kifuniko cha goti kuna mkano unaoshikanisha msuli mkubwa wa paja na mfupa wa muundi. Daktari akigonga pale, msuli wa paja unavutika ghafla, kidogo sana. Ndani ya msuli kuna vipimo vidogo vidogo vya asili ambavyo kazi yake ni kujua msuli umevutika kiasi gani na kwa kasi gani, basi vinatuma taarifa kwa neva mpaka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, na hapohapo, bila taarifa kusubiri ubongo uamue chochote, ile neva inakutana na seli inayoendesha msuli uleule wa paja na kuiamsha, msuli unajivuta, mguu unaruka. Makutano ni mamoja tu njia nzima. Ndo maana ni haraka hivyo, msuli unapata amri ndani ya milisekunde kama 20 mpaka 30, wakati kitu cha kuamua mwenyewe, mfano uone taa imewaka ndo ubonyeze kitufe, kinakula milisekunde kama 200. Na wakati huohuo uti wa mgongo unaiambia misuli ya nyuma ya paja ilegee ili isipingane na ile ya mbele. Jambo hili alilichunguza sana Mwingereza mmoja, Charles Sherrington, aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1932 kwa kazi yake ya seli za neva. Kugonga goti kwenyewe kulielezwa mwaka 1875 na madaktari wawili Wajerumani, Erb na Westphal, kila mtu kivyake, na mpaka leo hakuna kipimo cha bei rahisi kinachoeleza mengi kama kile kinyundo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza goti linachowaambia ni hiki, na hiki ni kizuri: neva zinazotoka mguuni kwenda uti wa mgongo ni nzima, zinazorudi ni nzima, na msuli wenyewe uko hai. Mguu wa baba hauna ugonjwa. Kilichoumia ni juu, ubongo wa kushoto, kwa sababu nyuzi nyingi zinazobeba amri za mwendo zinavuka kwenda upande wa pili pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, na kwa watu wengi ubongo wa kushoto ndo unabeba maneno pia, ndo maana kwake mkono wa kulia na kuongea vimeharibika pamoja. Naomba hapa mnielewe vizuri maana najua mtaletewa sindano za "kuamsha mishipa", za vitamini na nyingine msizojua zina nini. Kama hajapimwa akakutwa na upungufu wa vitamini, zile sindano hazirudishi kilichokufa kwenye ubongo, na hela yake ni bora iende kwenye dawa za presha na nauli ya kliniki.

Sasa kwa nini upande mgonjwa uruke zaidi ya mzima? Kwa sababu ubongo hautumi amri za "fanya" tu, sehemu kubwa ya kazi yake ni kutuliza. Muda wote ule uti wa mgongo ukiwa na rifleksi zake, ubongo unatumia njia nyingine zinazozipunguza, zinazochagua ipi ipite na ipi inyamaze. Kiharusi kikikata zile njia, rifleksi zinabaki bila mwenyewe, na wahenga walishasema paka akiondoka panya hutawala. Kitu kidogo tu, kugongwa kidogo, kuguswa, kuvutwa haraka, msuli unaitikia kupita kiasi. Ukitaka kuona ubongo unavyoshika sauti ya rifleksi jaribu kwa mtu asiye mgonjwa hapo nyumbani: akae miguu ikining'inia, mgonge taratibu chini ya goti, halafu mwambie akutanishe vidole vya mikono miwili avute kwa nguvu kama anataka kuviachanisha, mgonge tena hapohapo anavuta. Mara nyingi utaona mguu umeruka zaidi, goti lilelile, kugonga kulekule, ila hali ya mfumo juu imebadilika.

Na ule ulegevu wa mwanzo uliogeuka kukaza ndo mwendo wa kawaida wa kiharusi. Siku za mwanzo uti wa mgongo unakuwa umeshtuka kwa kukosa ghafla mawasiliano ya juu, kila kitu kinalegea hata rifleksi zinapungua, halafu siku na wiki zinavyopita zinarudi na kuzidi. Watu wanaona mkono umekaza wanasema "sasa una nguvu". Kukaza sio nguvu. Nguvu ni kuweza kukaza ukitaka na kulegeza ukitaka, na hilo la kulegeza ndo linachelewa zaidi.

Kuhusu mwayo, hilo nimefurahi umeliuliza maana linawatisha watu sana na wengine hata kusema wanaona aibu. Ni kitu kinachojulikana kabisa kwa wagonjwa wa kiharusi, mkono usioinuka kwa amri unapanda wenyewe mtu akipiga mwayo, kisha unashuka. Sababu ni kwamba mkono hauna njia moja tu ya kupata taarifa. Kuna ile ya hiari inayotoka kwenye gamba la ubongo, hiyo kwake imekatika au imechanika vibaya, na kuna njia za zamani zinazotoka kwenye shina la ubongo, kule kunakoshughulika na pumzi, mwayo, kukohoa, kusimama bila kuanguka, na hizo kwake hazijaguswa. Mwayo unapita huko. Baba hadanganyi na wala sio mvivu, nasisitiza kwa sababu nimeshaona mama wa watu anamgombeza mumewe "mbona ukipiga mwayo unauinua". Hana uwezo wa kuipanda ile njia kwa kutaka kwake. Na mwayo wenyewe sio ahadi kwamba hiari inarudi, usiupime huo.

Kushika vidole nako kuna hadithi yake. Mtoto mchanga ukimuwekea kidole kiganjani anakibana, sio kwamba anakusalimia, ni rifleksi aliyozaliwa nayo, na miezi inavyokwenda ubongo unakomaa unaituliza. Ubongo ukiumia inaweza kujitokeza tena, na pia vidole vilivyokaza vikivutwa vinabana. Kipimo ni rahisi sana, usimwambie baba ashike, mwambie AACHIE. Akiachia kwa kuambiwa, hata kidogo, hata taratibu, hapo kuna hiari na niambie nifurahi na nyie. Akishindwa kuachia mpaka umchomoe, basi ni kubana tu. Kwa sababu ana shida ya maneno mwonyeshe na kwa mkono wako pia unachotaka, asije akaonekana hawezi kumbe hajaelewa. Vilevile kwenye mguu, daktari akikwaruza unyayo kidole gumba kikapanda juu badala ya kushuka, ile ndo alama aliyoieleza Babinski kule Paris mwaka 1896, kwa mtoto mchanga ni kawaida, kwa mtu mzima inasema njia ya juu imeguswa. Msiifurahie mkidhani mzee anachezesha kidole.

Kutetemeka akikaa. Mwanangu, dua msiache, dua ni haki yenu, lakini hii ya mguu ina maelezo yake na unaweza kuithibitisha mwenyewe leo. Mguu ukikaa kwa kukanyagia vidole, kisigino kikiwa juu juu, msuli wa kigimbi, nyuma ya mguu chini ya goti, unavutika, rifleksi inaujibu, ukilegea unavutika tena, rifleksi inajibu tena, basi inajizungusha yenyewe kwa mpigo unaolingana, mara kadhaa kwa sekunde. Shika unyayo wake uusukume juu ghafla, mtetemo utaanza. Bonyeza goti chini mpaka kisigino kikanyage chote, utakoma. Kinachowashwa na kuzimwa kwa mkao wa kisigino ni msuli na uti wa mgongo. Kwa swala mtafutieni kiti ambacho miguu inafika chini vizuri, magoti yasining'inie, na kama kiti ni kirefu wekeni ubao chini ya miguu, aanze na kisigino.

Muhogo nao, nijibu kwa kifupi kwa sababu watu wa Kigoma mnaula na maneno yameenea. Kuna ugonjwa kweli wa muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kukaushwa sawasawa, unaitwa konzo, na Tanzania umeshaonekana. Lakini huo unashika miguu yote miwili kwa usawa, ghafla, mara nyingi kwa watoto na kina mama wakati wa njaa, hauchukui upande mmoja na maneno. Baba yako sio huo. Lowekeni muhogo wenu vizuri kama siku zote, muendelee kula.

Sasa hiari yenyewe inafanyaje kazi, maana hapo ndo mazoezi yanapopata maana. Chukua kitu kidogo, mzee kanyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai. Kabla mkono haujasogea ubongo wa mbele umeshapanga, sehemu za katikati zimeruhusu mwendo huu na kuzuia mingine, na ubongo mdogo wa kisogoni, ambao kwa uzito ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ubongo wote ila una zaidi ya nusu ya seli zake za neva, unakadiria nguvu na kusahihisha njiani mkono usipite kikombe. Na mtu akiwa amesimama, misuli ya miguu na mgongo inajikaza KABLA ya ule wa bega, ili asivutwe mbele na uzito wa mkono wake. Halafu amri zote hizi zinashukia kwenye seli zilezile za uti wa mgongo ambazo rifleksi nayo inazitumia. Hakuna waya wa hiari na waya wa rifleksi mpaka msulini, njia ya mwisho ni moja, wanaogombania kuipita ndo wengi. Kwa hiyo hatutaki kuua rifleksi za baba, bila hizo hata mtu mwenye afya hasimami, tunataka sauti ya hiari iongezeke mpaka isikike.

Na sauti hiyo inaongezeka kwa kufanya kitu chenye maana, mara nyingi, kwa juhudi yake mwenyewe. Kumgonga goti hakumfundishi kitu kwa sababu ubongo hauhusiki kuanzisha, mtamuumiza mkano tu, acheni. Kumfinyisha mpira mkononi wakati vidole tayari vimejikunja nako sikupendi, anazidi kuzoea kukunja na anachokosa ni kufungua. Bora akae mezani, mkono juu ya kitambaa, ausukume mbele kufikia kitu anachokitaka, tasbihi yake, kikombe, hata kama ni sentimita mbili na wewe ukimsaidia kiwiko, ajaribu yeye kwanza ndo umsaidie. Kusimama kutoka kwenye kiti ndo zoezi ninalolipenda kuliko yote: kiti kirefu kidogo, miguu irudi nyuma ya magoti, ainame mbele pua ipite vidole vya miguu, asimame akikanyaga na mguu wa kulia pia, wewe ukae upande wa kulia. Mara nyingi kwa siku, kwa vipindi vifupi, apumzike katikati. Na kama vidole na kifundo vinaweza kujifungua japo kidogo, muulizeni mtaalamu kuhusu kuufunika mkono wa kushoto usioumwa kwa muda ili huu mgonjwa ulazimike kufanya kazi, ni njia iliyofanyiwa utafiti vizuri ila haimfai asiye na mwendo kabisa.

Kumkanda kwa mafuta ya mise, yale ya kokwa za michikichi, hakuna ubaya, kunamtuliza na kunawaweka karibu naye, fanyeni. Ila msimkande kwa maji ya moto sana wala majani yaliyochemshwa, ngozi ya upande ule inaweza isihisi, na mguu kujikunja ukichomwa haithibitishi kwamba anasikia, hata kule kujikunja ni rifleksi. Na msimnyanyue kwa kumvuta mkono wa kulia, bega lile halina misuli yenye nguvu ya kulishika, linateguka na maumivu yake hayaishi leo wala kesho.

Dawa za kulegeza misuli zipo, kama baklofeni. Zinasaidia mtu aliyekaza mpaka hawezi kuvalishwa wala kuoshwa kiganja, au analia usiku kwa mikazo. Hazirudishi mwendo wa hiari, zinaleta usingizi na ulegevu, na wakati mwingine kile kukaza kwa mguu ndo kinachomsaidia kusimama, ukikiondoa anaanguka. Kwa hiyo aamue daktari akiwa amemuona anatembea. Akianzishiwa msiikatishe ghafla hata kama mnaona amepona, kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa. Kuna na sindano za sumu ya botulinamu za kulegeza msuli mmoja mmoja, ni ghali na zinataka mtaalamu, huko mbele kama itahitajika mtaulizia hospitali kubwa.

Swali lako la anapona au hapana sasa nalijibu hivi. Tafuteni kitu anachoweza kukianzisha mwenyewe akiambiwa, akakisimamisha akiambiwa, na akakirudia. Kuachia kidole. Kuinua bega. Kusukuma goti linyooke akiwa amekaa. Kurudi kunakuwa haraka zaidi miezi 3 ya kwanza, kisha kunapungua kasi mpaka karibu miezi 6, lakini mlango haufungwi hapo, watu wanaendelea kupata vitu vidogo vya maana baadaye kwa mazoezi. Andikeni kwenye daftari kila Ijumaa anachoweza, muende nacho kliniki, na muombeni yule daktari awaeleze alichoona, uliza tu kwa heshima, wengi wanakaa kimya kwa sababu foleni ni ndefu.

Msimpandishe treni kuja kwangu Tabora kwa ajili ya hili, hospitali ya Maweni iko hapo jirani yenu, ulizeni kitengo cha mazoezi tiba wampangie mtu wa kumuona ana kwa ana, mimi siwezi kumpima mguu kwa maandishi. Akianza kukaza ghafla kuliko jana na juzi tafuteni chanzo kabla ya kuongeza dawa: mkojo unauma au hautoki, choo kimefunga siku nyingi, kidonda matakoni au kisiginoni, kucha imeingia ndani, kiatu kinabana. Ubongo hautulizi tena, kwa hiyo maumivu yoyote asiyoweza kuyasema mwili unayasema kwa kukaza. Muende hospitali siku hiyohiyo kama kigimbi kimevimba upande mmoja na kina joto, au anapaliwa kila akinywa, au ana homa. Na msisubiri hata saa moja mdomo ukipinda upya, mkono wa kushoto nao ukilegea, maneno yakipotea ghafla, kichwa kikiuma kwa namna ambayo hajawahi, au akipata degedege, hapo chukueni bajaji, bodaboda haimfai mtu asiyejishika, na mkumbuke saa ilipoanza kwa sababu kitu cha kwanza watakachowauliza ni hicho. Dawa za presha anywe kila siku hata siku anayojisikia mzima, na presha yake mpya mkiipima nitumie pamoja na jibu la lile la kuachia kidole.